Kipashto Kina Wenyewe

Mwaka 1928 ulikuwa na shughuli nyingi za lugha. Mwezi Mei, kaskazini-magharibi ya India iliyokuwa chini ya Waingereza, Abdul Ghaffar Khan, ambaye watu wake walimwita Bacha Khan, alianzisha jarida la Kipashto akalipa jina la Pakhtun. Juni, wakubwa wa serikali za kikoloni na wamisionari wa Afrika Mashariki walikutana Mombasa kuamua Kiswahili sanifu kijengwe juu ya lahaja ipi, wakachagua Kiunguja, na Kimvita kikashindwa nyumbani kwake. Tarehe 28 Oktoba, huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, vijana wa koloni la Uholanzi walifunga mkutano wao kwa azimio fupi: nchi yetu ni moja, taifa letu ni moja, na lugha ya umoja wetu ni Kiindonesia.

Ya Mombasa yameandikwa sana, leo nayaweka kando. Nataka kuyatazama hayo mengine mawili kwa pamoja, maana Kiindonesia na Kipashto ni lugha zinazolinganishwa kwa nadra. Hazina nasaba. Kiindonesia ni Kimalei kilichovishwa joho la taifa, na Kimalei ni cha ukoo wa Kiaustronesia uliotapakaa visiwani kuanzia Madagaska, jirani zetu, hadi katikati ya Pasifiki. Kipashto ni lugha ya Kiirani, ndugu wa Kiajemi na Kikurdi, na kwa mbali zaidi binamu wa Kihindi na hata wa Kiingereza. Kinachozikutanisha ni Uislamu na maneno uliyokuja nayo: kitabu, habari, wakati, hukumu na dunia utayasikia Jakarta na Kandahar kama unavyoyasikia Tanga. Zaidi ya hapo kila moja ina njia yake.

Mtu wa 1928 aliyetakiwa kubashiri ni ipi kati ya hizo mbili itakuja kuwa lugha ya serikali, mahakama na vyuo vikuu angetaja Kipashto bila kusita. Kilikuwa na wasemaji mamilioni waliokinyonya na maziwa ya mama. Kilikuwa na ufalme ulioasisiwa na Wapashtuni tangu 1747. Kilikuwa na washairi wakubwa: Khushal Khan Khattak, chifu na mpiganaji aliyefariki 1689, na baada yake Rahman Baba, ambaye mashairi yake husomwa makaburini na sokoni mpaka leo. Kimalei je? Katika visiwa vile, waliozaliwa nacho hawakuzidi mmoja katika kila watu ishirini. Karibu nusu ya wakazi, kwa sensa ya 1930, walikuwa Wajava, wenye lugha yao, fasihi yao ya karne nyingi na majivuno yao.

Mbashiri angeula wa chuya. Kiindonesia leo ni lugha ya dola yenye watu zaidi ya milioni 270, na mwezi Novemba 2023 kiliingia katika orodha ya lugha rasmi za Mkutano Mkuu wa UNESCO, kikiwa cha kumi. Kipashto ni lugha rasmi Afghanistan pamoja na Kidari, yaani Kiajemi cha huko, lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 faili za ofisi za Kabul ziliendelea kuandikwa Kiajemi. Na Pakistan, ambako ndiko waliko wengi wa wasemaji wake, si lugha ya dola hata kidogo.

Kwa nini? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Kiindonesia ni rahisi na Kipashto ni kigumu. Jibu hili lina wafuasi wengi, na linastahili kupimwa kwa haki kabla ya kutupwa.

Tuanze na tofaa. Kwa Kiindonesia, nakula tofaa ni "saya makan apel". Jana nilikula tofaa: "kemarin saya makan apel". Kesho nitakula: "besok saya makan apel". Kitenzi hakitikisiki. Nafsi haikigusi, wakati haukigusi, idadi haikigusi. Ukitaka kusema jambo limekwisha unatanguliza "sudah", ukitaka kusema bado unatanguliza "belum", basi. Jinsia hakuna, na neno "dia" linamtosha mwanamume na mwanamke kama yeye wetu. Wingi, pale unapohitajika, hupatikana kwa kurudia neno: buku-buku, vitabu.

Sasa Kipashto. Kina irabu na konsonanti tusizokuwa nazo, kwa hiyo nitaandika kwa kukadiria. Nakula tofaa: "za mana khwram". Ile -am ya mwisho ni mimi, mlaji. Mpaka hapo hakuna la ajabu, Mswahili anatingisha kichwa. Lakini nilikula tofaa ni "ma mana wukhwara". Kwanza, mimi nimegeuka: si "za" tena, nimekuwa "ma", umbo linalotumika kwa anayesukumwa pembeni. Pili, kitenzi kimeniacha, kimemfuata tofaa. Tofaa ni jinsia ya kike, hivyo kitenzi kinaishia na -a. Lingekuwa kababu, ambalo ni la kiume, ningesema "ma kabab wukhor". Yangekuwa matofaa mengi, "ma mane wukhware". Awe amekula mimi, wewe au ukoo mzima, kitenzi hakijali, kinamtazama aliyeliwa.

Wanaisimu huita mfumo huu ergativu, na katika Kipashto upo kwenye wakati uliopita tu. Chanzo chake hakina muujiza. Zamani za kale, lugha za Kiirani zilikuwa na njia ya kusema "tofaa limeliwa kwangu", na kauli hiyo ya kutendwa polepole ikawa ndiyo njia ya kawaida ya kusimulia yaliyopita. Kiajemi cha leo kimeiacha. Kipashto kimeishikilia. Kiurdu na Kihindi nazo zina mtindo wa kufanana, kwa njia yao wenyewe.

Hapa pana jambo ambalo wanaosifu wepesi wa Kiindonesia hulipita bila kuliona. Kiindonesia nacho kinapenda kumketisha mtendwa kwenye kiti cha mbele, ila kwa hiari ya msemaji. "Saya sudah makan apelnya" ni sawa kabisa, lakini mtu akiulizia lile tofaa lilikokwenda, Mjakarta atajibu "apelnya sudah saya makan", tofaa lile nimeshalila, huku kitenzi kikiwa uchi, bila kiambishi cha me- wala di-. Akiwa Ali ndiye aliyelila, basi "dimakan Ali". Kuchagua lini kitenzi kivae me-, lini kivae di-, na lini kisivae chochote ni kazi inayowatoa jasho wanafunzi wageni kwa miaka. Mwalimu wa darasa la kwanza hawaambii. Wanaligundua wakiwa wameshalipa karo.

Na viambishi ndiyo roho ya lugha hiyo. Shika mzizi "ajar". Belajar ni kujifunza, mengajar ni kufundisha, pelajar ni mwanafunzi, pengajar ni mwalimu, pelajaran ni somo, ajaran ni mafundisho. Mswahili aliyezoea kufunda, kufundisha, kujifunza, mwanafunzi, fundisho na mafunzo yuko nyumbani hapo, ingawa itamchukua muda kuzoea kuishi bila ngeli. Kwa upande wa jinsia na upatanisho wa Kipashto pia asiogope kupita kiasi. Mtu ambaye kichwa chake kinabeba ngeli zote zile na kuzipatanisha na vivumishi, vitenzi na vionyeshi bila kufikiri hawezi kuzimia kwa kuambiwa kuna mbili tu, ya kike na ya kiume. Kitakachomtesa ni konsonanti zilizorundikana: "lmar", jua, "khpal", -enyewe, "skhwandar", ndama. Ulimi wetu unataka irabu kati ya kila hatua, na Kipashto hakitoi.

Chuo kinachofundisha wanadiplomasia wa Marekani hupanga lugha kwa wiki ambazo Mmarekani anahitaji kuimudu kila moja darasani. Kiindonesia kimepewa wiki 36. Kipashto wiki 44. Kiswahili kimo kundi moja na Kiindonesia, wiki 36 vilevile. Tofauti ya wiki nane si kitu cha kuamua hatima ya taifa.

Nadharia ya urahisi inavunjwa kabisa na Kiurdu. Hicho kina jinsia, kina hiyo sarufi ya kumfuata mtendwa katika wakati uliopita, na kimeandikwa kwa hati ya mwinamo inayowasumbua hata wenyewe. Bado ndicho kilichosambaa Pakistan kutoka Karachi hadi Gilgit kama lugha ya mtu yeyote na mtu yeyote, na Wapashtuni wenyewe wanakisema. Watu hujifunza lugha ngumu wakiwa na sababu. Hawana sababu, hata nyepesi wanaikimbia. Kwa hiyo swali linahama kutoka kwenye sarufi kwenda kwa wasemaji, na hapo ndipo historia mbili hizi zinapoachana.

Kimalei kilikuwa hakina mwenyewe. Najua Wamalei wa Riau na Johor watanikatalia, nao wana haki yao: jumba la kifalme la Riau lilikuwa na waandishi, na Kimalei chao ndicho Charles van Ophuijsen alichokitegemea alipotoa tahajia ya kwanza rasmi ya herufi za Kirumi mwaka 1901. Lakini kwa muuza samaki wa Makassar, mpagazi wa bandari ya Surabaya au Mchina mwenye duka Batavia, Kimalei hakikuwa mali ya watu wa Riau. Kilikuwa lugha ya kupatana bei. Kila mmoja alikuwa nacho kibovu kwa namna yake, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Waholanzi walikuta hali hiyo, wakaitumia kuendeshea utawala, kwa sababu hawakuwa na haraka ya kuwapa wenyeji Kiholanzi. Magazeti ya Kimalei yalichapishwa na Wachina na Waindo, yaani machotara wa Kizungu, kabla serikali haijazinduka. Serikali ilipozinduka, mwaka 1917, ikaanzisha shirika la vitabu liitwalo Balai Pustaka, ambalo kwa nia ya kuwapa wenyeji usomaji usio na siasa likaishia kuwalea waandishi wa riwaya wa taifa ambalo Waholanzi hawakulitaka.

Walioandika azimio la 1928, Muhammad Yamin akiwa mbele, walikuwa vijana waliosoma shule za Kiholanzi, na baadhi yao walikijua Kiholanzi vizuri kuliko Kimalei walichokuwa wakikitukuza. Nafsi yangu husimama kila mara kwenye upande wa Wajava. Hao ndio waliokuwa na idadi. Wangeweza kusema lugha yetu ndiyo yenye watu wengi, na hakuna hesabu ambayo ingewapinga. Hawakusema. Sababu moja ni Kijava chenyewe, ambacho hakikuruhusu kuongea kabla ya kujua nani mkubwa. Kula ni "mangan" kwa rika lako, "nedha" kwa unayemheshimu, na mheshimiwa mwenyewe akila, yeye "dhahar". Vijana waliotaka kuitana ndugu na kusawazisha mabega walikuta lugha yao ya nyumbani inawapanga ngazi kwa ngazi. Kimalei hakikuwapanga. Yamkini pia walijua kwamba Msunda, Mbatak na Mminangkabau wangekubali kujifunza lugha isiyo ya mtu, wala wasingekubali kujifunza ya Mjava.

Mengine yakafuata kwa kasi. Sutan Takdir Alisjahbana na wenzake walianzisha jarida la Poedjangga Baroe mwaka 1933. Mkutano wa kwanza wa lugha ulifanyika Solo mwaka 1938. Wajapani walipoingia 1942 wakapiga marufuku Kiholanzi, na kwa sababu hawakuwa na walimu wa Kijapani wa kutosha, shule, ofisi na redio zikaangukia Kiindonesia usiku na mchana. Kamati ya istilahi ikaanza kazi ya kubuni maneno ya sheria, fizikia na udaktari. Katiba ya 1945 ilipofika kwenye ibara ya 36, ilithibitisha tu kilichokwishatokea.

Sasa tupande milimani. Ufalme wa Afghanistan ulikuwa wa Wapashtuni, lakini baraza lake lilikuwa la Kiajemi tangu mwanzo. Ahmad Shah, mwasisi, alitunga mashairi kwa Kipashto, na makarani wake wakaandika barua kwa Kiajemi, kwa maana Kiajemi ndicho kilichokuwa lugha ya kalamu kutoka Istanbul hadi Bengali. Mji mkuu ulipohamia Kabul, mji wa Kiajemi, hata familia ya kifalme ikazoea kusema Kiajemi nyumbani. Mwaka 1893 mpaka wa Durand ulichorwa kati ya Afghanistan na India ya Waingereza, na Wapashtuni wakagawanywa katikati, kama walivyogawanywa Wamasai na Wamakonde, sehemu kubwa ikabaki upande wa Waingereza.

Mwaka 1936, chini ya mfalme Zahir Shah, amri ilitoka kwamba Kipashto ndicho lugha rasmi na watumishi wa serikali wajifunze ndani ya miaka mitatu. Mwaka uliofuata chuo cha lugha, Pashto Tolana, kikaanza kazi. Walitunga kamusi, wakatunga istilahi, wakafungua madarasa ya watumishi. Shule za maeneo yasiyo ya Wapashtuni zikaambiwa zifundishe kwa Kipashto, na walimu wenyewe hawakijui. Kabla ya miaka kumi na kitu kwisha, sera ya shule ikalegezwa. Madarasa ya watumishi yakaendelea kwa miongo, watu wakaketi, wakapata cheti, wakarudi mezani kuandika Kiajemi.

Nini kilikosekana? Fedha zilikuwa haba, kweli, na vitabu pia. Lakini hata Waindonesia wa 1945 walikuwa maskini, tena vitani. Kilichokosekana ni kwamba Mtajiki wa Herat au Muuzbeki wa Maimana, alipoambiwa ajifunze Kipashto, alisikia kwamba anaambiwa amtii Mpashtuni. Na hakukosea sana. Kipashto ni jina la lugha na ni jina la mwenendo. Wenyewe wanasema mtu mzuri anakisema Kipashto na pia anakitenda: anampokea mgeni, anamlinda aliyekimbilia kwake, halipi tusi kwa kunyamaza. Mpashtuni asiye na Kipashto kwa maana hiyo ya pili si mtu kamili machoni pa wenzake, hata awe na ufasaha gani. Lugha ya namna hiyo haiwezi kugawiwa kwa amri ya wizara. Mgeni anaweza kujifunza maneno yake yote, na bado mlangoni ataulizwa ni mtoto wa nani.

Mabaki ya amri ile yako wazi. Vyeo vya jeshi vikawa vya Kipashto: turan, jagran, dagarwal. Chuo kikuu kikawa pohantun, na wahadhiri wakapangwa kwa majina ya Kipashto hata pale somo lenyewe lilipofundishwa kwa Kidari. Katiba ya 2004 ikaongeza kifungu cha kulinda istilahi za kitaifa za utawala na elimu, na watu waliokuwa wakipenda kusema daneshgah, neno la Kiajemi la chuo kikuu, wakajua kinawalenga wao. Mwaka 2008 waandishi wa habari wa televisheni ya serikali huko Balkh waliadhibiwa kwa kutumia maneno kama hayo hewani. Watu wakabishana juu ya bango la chuo kama wanaobishania mpaka wa shamba.

Msomaji makini atakuwa ameshaona tundu katika hoja yangu. Kama siri ni lugha isiyo ya mtu, Pakistan nayo ilifanya hivyohivyo. Kiurdu ni lugha ya nyumbani ya watu wasiofika asilimia 10 nchini humo, wengi wao wahamiaji kutoka India na vizazi vyao, na kilichaguliwa ili Mpanjabi, Msindhi na Mpashtuni wasigombane. Mwezi Machi 1948 Jinnah, kiongozi wa nchi hiyo, alikwenda Dhaka, upande wa mashariki, akatangaza kwamba lugha ya dola itakuwa Kiurdu peke yake. Tarehe 21 Februari 1952 polisi wakawapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana kudai Kibengali. Mwaka 1971 upande ule ukawa Bangladesh.

Kwa hiyo kutokuwa na mwenyewe hakutoshi. Tofauti ninazoziona ni mbili. Kimalei kilikuwa tayari mdomoni mwa watu wa Surabaya kabla ya mwanasiasa yeyote kukitaja. Kiurdu hakikuwa mdomoni mwa Wabengali walio wengi, kama Kipashto kisivyokuwa sokoni Herat. Ya pili ni nani anajinyima. Indonesia, kundi kubwa lilitoa lake kwa hiari, kupitia vijana wake wenyewe. Pakistan, kundi kubwa, yaani Wabengali, lilinyimwa na wengine. Na Afghanistan kundi kubwa lilijaribu kuwapa wengine kilicho chake. Upande wa Magharibi wa Pakistan, ambako askari, reli na sinema vilikwishakitembeza Kiurdu, mambo yalikwenda, na Wapashtuni wa Peshawar wakawekwa kati ya lugha ya shule na lugha ya nyumbani bila makelele makubwa sana.

Tahajia inaonyesha tofauti hiyohiyo kwa udogo. Kiindonesia kilibadili maandishi mara mbili ndani ya robo karne. Mwaka 1947 "oe" ya Kiholanzi ikawa "u". Mwezi Agosti 1972, "tj" ikawa "c" na "dj" ikawa "j", Djakarta ikawa Jakarta, na mageuzi hayo yalifanywa pamoja na Malaysia, nchi ambayo miaka sita tu kabla yake walikuwa wakirushiana risasi nayo. Kipashto kina herufi zake za ziada juu ya hati ya Kiarabu, na mapokeo yanamtaja Bayazid Ansari, Pir Roshan wa karne ya 16, kuwa wa kwanza kutafuta maumbo ya sauti zisizokuwamo. Herufi "ye" peke yake ina sura tano. Moja ni ya irabu i, moja ya e, moja hufunga nomino za kiume, moja za kike, moja hukaa mwisho wa vitenzi. Chapa kitabu Kandahar na kingine Peshawar, utaziona zimepangwa tofauti. Wataalamu wa pande mbili walikutana Bara Gali, Pakistan, mwaka 1990 kujaribu kupatana, na mapatano yao yamefuatwa nusunusu. Hata jina lenyewe linakatika: kusini-magharibi wanasema Pashto, kaskazini-mashariki wanasema Pakhto, kwa herufi ileile moja.

Hayo yote yakisemwa, siandiki tanzia ya Kipashto. Sensa ya Pakistan ya 2017 iliwakuta wenye Kipashto cha mama kuwa asilimia 18, na hapo hujahesabu Afghanistan. Nchini Pakistan filamu zimetengenezwa kwa lugha hiyo tangu Yousuf Khan Sher Bano ya 1970. Idhaa ya BBC ilianza matangazo ya Kipashto 1981, na mchezo wake wa redio wa miaka ya 1990 kuhusu maisha ya kijijini ulisikilizwa vita vikiendelea. Wanawake wasiojua kusoma wanatunga landay, ubeti wa mistari miwili, silabi 9 kisha 13, bila kutia jina, wakisema humo mambo ya mapenzi na hasira ambayo wangeyasema kwa sauti wangepigwa. Lugha iliyonyimwa ofisi kwa karne kadhaa na bado ina nguvu hizo haiko hoi. Watu wasioiacha hawaiachi kwa sababu ni yao.

Kiindonesia, kwa upande wake, kina deni lisilolipwa. Nchi ina lugha zaidi ya 700, na katika visiwa vya Maluku na huko Papua kadhaa zimebaki kwa wazee. Hata Kijava, chenye mamilioni ya wasemaji, kinapoteza ngazi zake za heshima. Vijana wengi wanaogopa kukosea daraja mbele ya mkwe, wanakimbilia Kiindonesia. Dola yenyewe haioni haya kukitetea kwa nguvu. Sheria ya 2009 inataka mikataba na Waindonesia iandikwe Kiindonesia, na mwaka 2013 mahakama ya Jakarta Magharibi ilifuta mkataba wa mkopo kati ya kampuni ya Marekani na ya Indonesia kwa sababu uliandikwa Kiingereza peke yake. Mahakama ya juu ikakubaliana nayo. Mawakili wa kigeni wanatafsiri mpaka leo.

Na kuna jambo jipya. Sensa ya 2010 ilionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano wa Indonesia anatumia Kiindonesia nyumbani kila siku, wengi wao wa mijini. Kwa mara ya kwanza lugha hiyo inapata wenyewe kwa mamilioni, na wenyewe hao wanakaa zaidi Jakarta. Wao husema "gue" na "lo" kwa mimi na wewe, maneno yenye asili ya Kihokkien, wanasema "gak" badala ya "tidak", na tamthilia, muziki na simu vinabeba lafudhi yao hadi Kupang na Jayapura. Mtoto wa Medan anayeiga "gue" huchekwa na wenzake kwamba anajifanya Mjakarta. Zamani hakukuwa na mtu wa kuigwa, wala wa kuchekwa.